Kisima chako ndicho kinaumwa, au ni maji ya ardhini yaliyoshuka?

Kuanzia Septemba simu yangu ya ufundi visima, huku kusini mwa Tanzania, haitulii. Mikindani, Nanyamba, Tandahimba, mpaka Ruangwa na Nachingwea, anayepiga huanza na maneno yale yale: "Fundi, kisima kimekufa. Njoo utuongezee kina." Nami kabla ya kufunga mizigo huuliza swali moja: maji yamesimama mita ngapi kutoka mdomo wa kisima? Karibu kila mtu hunyamaza. Anajua kisima kilichimbwa kwa shilingi ngapi, anajua pampu ina hospawa ngapi, lakini maji yenyewe yako wapi hajawahi kupima.

Naandika haya kwa sababu nimeona pesa za korosho za msimu mzima zikizikwa kwenye mashimo ambayo hayakuhitaji kuongezwa hata kiganja. Kisima kukosa maji ni dalili, kama homa. Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa jino. Pengine kisima chenyewe ndicho kinaumwa: valvu imechoka, chujio (lile bomba la chini lenye matundu ya kuingizia maji) limeziba, bomba limetoboka, na maji ya ardhini yako pale pale yalipokuwa. Pengine kisima ni kizima kabisa, ila maji ya ardhini ndiyo yameshuka. Dawa ya mmoja ukimpa mwingine unamaliza pesa, na huku pwani unaweza kuharibu maji yaliyobaki.

Tena huku kusini ardhi yetu haifanani. Pwani, kuanzia Msimbati na Mikindani hadi Lindi na Kilwa, tumekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, na bahari iko chini yetu kuliko tunavyodhani. Juu kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ni mchanga mwekundu mnene unaonyonya mvua yote, maji yakaenda chini sana. Masasi na Nachingwea ni miamba ya kale, na maji yanakaa kwenye nyufa. Kwa hiyo ushauri uliomfaa shemeji yako wa Masasi unaweza kuwa sumu kwako wewe wa Mikindani.

Kabla ya dalili yoyote: kamba

Tafuta kamba ya plastiki isiyovutika. Ya katani haifai, ikilowa inabadilika urefu. Piga fundo kila mita, na kila baada ya mita tano funga kitambaa chekundu. Mwishoni funga kipande cha bomba la chuma chenye urefu wa kiganja, juu kimezibwa, chini kiko wazi, kama kikombe kilichofunikwa kifudifudi. Kioshe kwa maji yenye klorini, kisha kishushe polepole. Kikigusa maji kinatoa mlio, "kwop", unausikia wazi hata kwenye mita arobaini kama hakuna kelele. Kiinue kidogo, kishushe tena, mpaka uwe na hakika. Bana kamba kwa vidole pale pale penye mdomo wa kisima, vuta, hesabu mafundo, na kipande kilichozidi kipime kwa futikamba.

Fanya hivyo alfajiri kabla mtu hajachota. Hicho ndicho kina cha maji yaliyotulia. Kisha pampu kwa nusu saa mfululizo upime tena. Kisha zima, upime kila baada ya dakika tano mpaka maji yarudi yalipokuwa. Andika namba zote pamoja na tarehe kwenye daftari ambalo halitatumika kwa kitu kingine.

Kama kisima chako kirefu kimefunikwa hakina tundu la kupitisha kamba, siku fundi atakapotoa pampu mwambie ateremshe bomba jembamba la plastiki kando ya bomba la maji, libaki humo humo kwa ajili ya kupimia. Ni kazi ndogo, na visima vingi sana huku vimekosa hiyo tu.

Ukiwa na namba hizo, nusu ya ugonjwa umeshaujua. Maji yaliyotulia yako pale pale, na hata ukipampu hayashuki sana, lakini bombani yanakuja kidogo: tatizo ni pampu au bomba. Maji yaliyotulia yako pale pale, lakini ukipampu yanadidimia haraka na kurudi kwa shida: tatizo ni kisima, yaani njia ya maji kuingia. Maji yaliyotulia yenyewe yameshuka kuliko mwaka jana mwezi kama huu: hapo ndipo tunazungumzia maji ya ardhini.

Dalili: unapampu mara ishirini ndipo maji yaje

Hii ni ya pampu za mkono, na ndiyo rahisi kuliko zote. Huku kwetu zipo tangu enzi za mradi wa maji wa Mtwara na Lindi uliofadhiliwa na Ufini, miaka ya 1970 na 1980, zile za NIRA ambazo wazee wengi wanazikumbuka. Pampu mpaka maji yatoke, pumzika nusu saa, pampu tena. Kama inabidi uanze upya kuyaita maji kutoka chini, valvu ya chini haishiki au bomba la kupandishia lina tundu. Kama maji yanakuja mara moja lakini kila mkupuo ni kiduchu, ringi za raba zimelika. Badilisha, funga, maliza. Nimewahi kukuta kijiji kimechangishana pesa za kuchimba kisima kipya kwa sababu ya ringi.

Dalili: asubuhi maji yapo, saa nne yamekwisha, jioni yamerudi

Hapa watu wanapotea sana, kwa sababu kuna wagonjwa wawili wenye homa moja.

Wa kwanza ni kisima kilichoziba. Funga uzito mzito kwenye kamba, uushushe mpaka ugote chini, ulinganishe na taarifa ya uchimbaji. Kama kisima kilichimbwa mita 60 na uzito unagota kwenye 52, mita nane zimejaa mchanga na tope, na huenda sehemu ya chujio imefukiwa. Angalia pia bomba linapotolewa: ukikuta utelezi wa rangi ya kutu, kama uji wa mtama ulioharibika, ni vijidudu wanaoishi kwa madini ya chuma, nao huziba matundu ya chujio taratibu mpaka kisima kinakaba. Dawa ni kukisafisha kwa kompresa, kukisugua na kukitia klorini ya kutosha. Kuongeza kina hakumsaidii mgonjwa huyu.

Wa pili ni kisima cha kwenye mwamba, kile cha Masasi au Nachingwea, ambacho hakina ugonjwa ila kinachotwa kuliko uwezo wake. Fikiria hivi. Shimo la inchi sita hubeba kama lita 18 kwa kila mita ya maji. Ukiwa na mita 30 za maji ndani, ghala lako lote ni kama lita 540, yaani madumu 27. Foleni ya alfajiri inakunywa ghala la usiku mzima. Baada ya hapo kila dumu linasubiri nyufa zilete maji, na nyufa hazina haraka. Ndiyo maana saa nne bomba linakohoa hewa.

Kushuka chini zaidi hapo ni bahati nasibu. Kwenye miamba ya namna hiyo maji mengi hukaa katika tabaka lililooza, yaani mwamba uliolainika, juu ya mwamba mgumu na kwenye nyufa za karibu na tabaka hilo. Kadiri unavyoshuka nyufa zinabana, na mwishowe unalipia kutoboa jiwe kavu. Kinachofaa ni kupunguza pampu: weka ndogo, ifanye kazi saa nyingi, maji yaingie kwenye simtanki usiku na mchana, watu wachote kutoka kwenye tanki. Kisima kile kile kilichokuwa kinatoa madumu 27 na kukatika, kinaweza kutoa mara kadhaa ya hapo kwa siku bila kukohoa hata mara moja.

Dalili: kina cha maji kinashuka mwaka hadi mwaka

Huu ndio ugonjwa wenyewe, na ndio unaoninyima usingizi, kwa sababu hautibiwi na mtu mmoja kwa spana.

Mvua zetu za kusini ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Kwa hiyo daftari lako lina tarehe mbili zenye maana kuliko nyingine zote: mwisho wa Mei, maji yakiwa yamepanda, na mwanzo wa Novemba kabla ya mvua za kwanza, yakiwa yameshuka kabisa. Usilinganishe Mei na Novemba ukalia kwamba maji yanakwisha. Kupanda na kushuka ndani ya mwaka ni pumzi ya kisima. Linganisha Mei na Mei, Novemba na Novemba.

Kama kila Mei maji yanarudi pale pale, lakini kila Novemba yako chini kuliko Novemba iliyopita, ardhi inajaa vizuri, ila sisi tunachota zaidi wakati wa kiangazi. Tafuta nani ameongezeka: bustani ya nyanya inayomwagiliwa mchana kutwa, kiwanda cha matofali, nyumba za wageni, visima vipya vitatu kwenye mtaa ambao zamani ulikuwa na kimoja. Visima vilivyokaribiana vinagombania maji yale yale. Utajua hilo kwa kumwomba jirani azime pampu yake kwa siku moja huku wewe ukipima. Maji yako yakipanda, jibu umelipata, mkae mpangiane zamu.

Kama Mei yenyewe hairudi, kila mwaka kilele kiko chini zaidi, basi tatizo ni kujaa. Ama mvua imekuwa haba, ama mvua inanyesha lakini haiingii ardhini.

Hapo lazima niseme jambo ambalo Watanzania tungepaswa kulijua wote. Huko Makutupora, kwenye visima vinavyoinywesha Dodoma, kina cha maji kimepimwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu zile ni miongoni mwa ndefu kuliko zote katika nchi za ukame za kitropiki. Watafiti walipozichambua, matokeo yakichapishwa mwaka 2013, walikuta kwamba maji yale hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Yanajazwa kwa kishindo katika miaka michache ya mvua kubwa, na kujaa kukubwa kuliko kote kulitokea msimu wa El Niño wa 1997 na 1998. Miaka ya katikati maji yanashuka tu, yanasubiri.

Huku kusini tunapata mvua nyingi kuliko Dodoma, wala sisemi sisi ni Makutupora. Lakini somo la kamba ni lile lile. Mwaka mmoja wa kushuka si ushahidi wa kitu, na mwaka mmoja wa kupanda si ruhusa ya kufungulia mabomba. Bila miaka kadhaa kwenye daftari unabahatisha. Na mvua kubwa ikija, ile inayobomoa madaraja na kumlaza kila mtu macho, ndiyo siku ya kuhakikisha maji yanaingia ardhini badala ya kuyasindikiza baharini.

Dalili: maji yamegeuka chumvi

Kwetu Mikindani, mama alikuwa na kisima cha mita 12 kilichojengwa kwa mawe, kipana, maji yake matamu. Kiangazi kimoja kilipungua. Wakaja wachimbaji, mimi wakati huo nikiwa kijana wa kushika kamba na kubeba zege, wakashusha shimo la mashine katikati ya kisima kile hadi mita 30. Maji yalikuja kwa nguvu. Mtaa mzima ulichota, na hatukumnyima mtu. Mwaka wa pili mama alisema chai haina ladha. Baadaye migomba iliyokuwa ikipata maji ya kuogea ilianza kuungua kingo za majani, rangi ya kahawia, kama iliyopitiwa na moto. Kufika Oktoba hata kufulia ilikuwa taabu.

Hakuna aliyetudanganya kwa makusudi. Hatukujua kitu kimoja tu. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na huku pwani maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya ardhi, kama mafuta juu ya mchuzi. Uzito wao umepishana kiasi kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inasimama juu ya kama mita 40 za maji baridi zilizo chini ya usawa huo. Inaonekana neema kubwa, ila igeuze: ukiyashusha maji kwa nusu mita tu na kuyaacha hivyo, mpaka wa chumvi unakuja juu kama mita 20. Sisi tulikuwa tumelipunguza lile tabaka la maji matamu kwa juu, na wakati huo huo tumeifuata chumvi kwa chini.

Basi maji yakibadilika ladha, kwanza hakikisha ni chumvi kweli. Maji ya kwenye mawe ya matumbawe mara nyingi ni magumu tu: sabuni haitoi povu na sufuria inashika ukoko mweupe, lakini ukionja hayana chumvi. Hayo hayana uhusiano na bahari. Kipimo kidogo cha mkononi cha kupima chumvichumvi kitakusaidia kuliko ulimi, kwa sababu ulimi huzoea. Mama aliendelea kusema maji ni mazuri miezi mingi baada ya wageni kuanza kukunja uso.

Kisha angalia saa. Kama asubuhi ni matamu na baada ya saa mbili tatu za kupampu yanakolea chumvi, pampu yako inaivuta chumvi kutoka chini moja kwa moja, kama mtu anavyovuta uji kwa mrija. Zima, subiri, yatarudi. Pandisha pampu iwe juu zaidi, weka ndogo, pampu kidogo kidogo kwa saa nyingi. Kama ni chumvi asubuhi na jioni, lakini masika yanalegea, maji baridi yenyewe yamekuwa membamba na mnachota wengi mno. Kama chumvi inakuja wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, na kisima kiko karibu na mikoko, huenda maji yanaingia kwa juu, na kinachotakiwa ni kujenga mdomo vizuri na kuuinua.

Katika hali zote hizo usiongeze kina. Wazee waliojenga visima vya miji ya zamani ya pwani yetu walichimba vipana na vifupi, wakakwangua maji matamu ya juu. Cha mama tulikiziba kutoka chini kwa udongo wa mfinyanzi na saruji hadi kikarudi mita 12. Tulisubiri masika matatu ndipo chai ikawa chai.

Dalili: mchanga ndani ya ndoo

Pampu ni kubwa mno kwa kisima, au chujio lina matundu mapana kuliko mchanga wa mahali hapo, au changarawe ya kuzungushia chujio haikuwekwa sawasawa. La kwanza unaweza kulitibu leo kwa kubana koki. Mawili yaliyobaki ni kosa la siku ya kuchimba, na ukiendelea kupampu, mchanga utamaliza pampu kabla ya maji kuisha. Usilipe malipo ya mwisho ya uchimbaji kabla hujaona ndoo ya maji ikitulia bila mchanga chini, baada ya saa kadhaa za kupampu mfululizo.

Dalili: chemchemi ya bondeni inakonda

Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu ukatazama chini, unaona ardhi inakatika ghafla na bonde linakwenda mpaka Ruvuma. Vizazi vya kina mama wa Kimakonde walishuka genge kama hilo na mitungi, wakapanda nayo, kwa sababu juu hakuna mto wala kijito. Mvua yote inayonyesha juu ya uwanda inamezwa na mchanga, inasafiri chini kwa chini, na kutokea miguuni mwa genge kama chemchemi. Maji ya Mitema, kule bonde la Kitangari, ambayo mradi wa maji wa Makonde unayasukuma kurudi juu, yanategemea safari hiyo hiyo.

Kwa hiyo chemchemi ikikonda, usihangaike kuchimbua jicho lake. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa majembe, wakapata maji mengi wiki moja, kisha jicho likahamia mahali pengine. Panda juu ukaangalie kunatendeka nini. Vichaka vimechomwa na kuachwa uchi? Barabara na viwanja vimeshindiliwa, maji yanakimbilia makorongo badala ya kuzama? Kuna visima vipya vyenye pampu kubwa karibu na ukingo?

Angalia pia miti iliyopandwa karibu na chemchemi. Si kila mti ni rafiki wa maji. Mikaratusi inakunywa sana, na kuipanda jirani na jicho la chemchemi ni kuikabidhi kikombe. Acha uoto wa asili urudi wenyewe, zungushia uzio wa miti hai, ng'ombe wasikanyage. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Kwa chemchemi ya kijiji chukueni mita hizo kama za kuanzia.

Kurudisha maji: kila ardhi na dawa yake

Juu kwenye uwanda, mchanga hauhitaji kufundishwa kunyonya. Shida ni kwamba maji yakishazama wewe huyafikii tena. Kwa hiyo Newala na Tandahimba wameamua vizuri tangu zamani: kisima cha kuhifadhia maji ya mvua, kilichochimbwa kando ya nyumba na kusakafiwa. Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 60 likipata milimita 900 kwa msimu ni lita 54,000, na ukiacha robo ipotee kwa kumwagika na kusafisha bati unabaki na zaidi ya lita 40,000. Familia inayotumia lita 150 kwa siku inamaliza miezi tisa kwa hayo, mradi shimo la kuyaweka liwepo. Kila dumu la mvua ni dumu lisilotolewa bondeni.

Pwani, ambako maji yako karibu, dawa ni kuyarudisha chini. Chimba shimo upande wa juu wa kisima, mbali nacho mita 10 au zaidi, lenye mita moja na nusu kwa mita moja na nusu na kina cha mita mbili. Lijaze mawe, juu kokoto, juu kabisa mchanga msafi, uelekeze mfereji wa bati humo. Mawe yakishakaa, nafasi inayobaki ni kama theluthi moja, yaani lita 1,500 hivi. Mvua ya milimita 40 kwenye bati la ukubwa ule ule inaleta kama lita 2,400, kwa hiyo shimo litajaa na huku linazamisha. Kwenye mchanga halipati shida.

Ili kujua kama ardhi yako inakubali, chimba kitundu cha kina cha mkono, kilowanishe, kisha mimina ndoo ya maji utazame saa. Yakizama ndani ya nusu saa, endelea. Yakikaa mpaka jioni ni mfinyanzi, usijisumbue. Na epuka kosa moja ambalo halisameheki: usiingize humo maji ya choo, ya zizi, ya gereji wala ya barabarani. Maji yanayozama hapo ndiyo mtakayoyanywa. Mvua ya kwanza ya msimu, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, iache imwagike nje.

Masasi na Nachingwea mna hazina ambayo sijaona ikitumiwa inavyostahili: ile milima ya mawe matupu. Mvua ikinyesha juu yake haiingii hata tone, yote inateremka kama juu ya bati. Ikiwekewa matuta ya mawe na mitaro ya kukinga mteremko pale mguuni, kwenye udongo uliooza, inapunguza mbio na kuzama katika tabaka lile lile linalolisha visima vyenu. Kwenye makorongo ya mchanga, ukuta mfupi wa zege uliosimama juu ya mwamba hukamata mchanga, na maji yakajificha ndani ya mchanga huo jua lisiyaone. Wakamba wa Kitui, Kenya, wamejenga kuta za namna hiyo kwa wingi. Lakini ukuta ukijengwa juu ya mchanga badala ya mwamba maji yanapita chini yake, kwa hiyo anza kwa kuchimba mpaka ugonge jiwe.

Ukifikia kuamua kwamba kisima kipya kirefu hakiepukiki, nenda kwanza Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, hapo Mtwara mjini, kwa ajili ya vibali. Nenda na daftari lako. Wataalamu wanaposoma namba za miaka mitatu zilizoandikwa kwa mkono na mwenye kisima, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Mwaka jana, siku za mwisho za Mei, nilipita Nanyamba kwa bibi mmoja ambaye nilimwachia kamba badala ya kumwongezea kina. Alinipokea uani, akanipa kigoda, akamwita mjukuu alete daftari la shule lililochakaa.

"Shikamoo bibi. Vipi, yamepanda?"

"Marahaba mwanangu. Mwaka juzi nilihesabu mafundo kumi na manne mpaka kwenye maji. Mwaka huu ni kumi na matatu, na lile shimo la mawe la kule kwenye bati nalo limefanya kazi. Ila nimeambiwa mwaka mmoja si ushahidi."

Akafunga daftari, akaniuliza Novemba nitapita tarehe ngapi, ili asimruhusu mtu kuchota asubuhi hiyo kabla hatujapima.